Askari wa kigeni na mkataba wa "muda wa vita"

Tangu Novemba 2025, serikali ya Kenya ilipokiri kwamba raia wake zaidi ya 200 wamo katika jeshi la Urusi, mjadala wa Afrika Mashariki umegawanyika kambi mbili. Siku chache kabla ya hapo waziri wa mambo ya nje wa Ukraine, Andrii Sybiha, alikuwa ametaja Waafrika wasiopungua 1,436 kutoka nchi 36 wanaopigana upande wa Urusi. Kambi ya kwanza inasema hawa ni mamluki, wamefuata fedha na wasililiwe. Ya pili inasema ni wahanga wa madalali waliowaahidi kazi ya udereva au ulinzi, kisha wakajikuta handakini. Kambi hizi zinapingana kwa sauti kubwa, lakini zinakubaliana juu ya jambo moja: kwamba tukishajua nia ya kijana aliyekwenda, tumeshajua anastahili nini. Hapo ndipo wote wanapokosea. Historia ya askari wa kigeni, na hasa ya rejimenti moja ya Ufaransa iliyoishi kwa miezi kama minane tu, inaonyesha kwamba nia ya askari haina uzito mkubwa katika hatima yake. Kinachoamua ni nani anayewajibika kwake kisheria siku dola iliyomvalisha sare inapoacha kumhitaji.

Kuna hoja ya tatu pia, inayopita chinichini mitandaoni na vijiweni. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniambia bila kusita: "Mbona Ufaransa wana Lejioni ya Kigeni, watu wanapigana, wanapewa uraia, wanastaafu na pensheni? Urusi nayo si hivyohivyo?" Anazungumzia kikosi cha jeshi la Ufaransa kinachoandikisha wageni. Hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo yenye hatari zaidi kwa sababu nusu yake ni kweli. Kuijibu inabidi turudi kwenye ufukwe wa mchanga kusini mwa Ufaransa.

Mwanzoni mwa 1939, jimbo la Catalonia nchini Uhispania lilipoanguka mikononi mwa majeshi ya Jenerali Franco, aliyeasi dhidi ya jamhuri ya nchi hiyo, Wahispania karibu nusu milioni walivuka milima ya Pyrenees kuingia Ufaransa. Jamhuri ya Ufaransa iliyokuwa ikijivunia haki za binadamu iliwapokea kwa seng'enge. Kambi zilizuka ufukweni Argelès, Saint-Cyprien na Le Barcarès, na wiki za kwanza watu walilala katika mashimo waliyochimba mchangani. Tarehe 12 Aprili 1939 ikatoka amri kwamba wanaume wageni waliopewa hifadhi, wenye umri wa miaka 20 hadi 48, wanaweza kutakiwa kulitumikia jeshi. Kwa vitendo, mkimbizi aliyekuwa kambini aliwekewa njia nne mbele yake: arudi Uhispania akakabiliane na Franco, ajiunge na Lejioni kwa miaka mitano, aingie kombania za wafanyakazi wa kigeni zilizochimba ngome na mahandaki, au, vita vilipoanza Septemba, aandikishwe kama askari wa kujitolea "kwa muda wa vita". Wengi walichagua hiyo ya mwisho. Je, walijitolea? Walijitolea, na walilazimika, kwa wakati uleule. Anayetaka kuwatenganisha waliokwenda kwa moyo na waliosukumwa na seng'enge atakesha bila kupata jibu, kwa sababu mara nyingi ni mtu mmoja yuleyule.

Paris ilikuwa na picha nyingine. Septemba 1939 maelfu ya wageni walijipanga foleni kujiandikisha, wengi wao Wayahudi kutoka Poland, Romania na Hungaria: washona nguo, mafundi wa ngozi, wanafunzi, wauza duka wadogo. Hawa walijua vizuri Hitler ni nani, wengine walikuwa wameshamkimbia. Walitaka kupigana, na walitarajia pia kwamba nchi waliyoipigania itawakubali. Jeshi la Ufaransa halikutaka kuwaingiza katika rejimenti zake za kawaida, na Lejioni yenyewe haikuwa na hamu ya kujaza safu zake kwa wakimbizi na wanasiasa wa mrengo wa kushoto. Ufumbuzi ukawa kuunda rejimenti mpya za askari wa miguu, tatu kwa jumla, ambazo mwanzoni mwa 1940 zilipewa namba 21, 22 na 23. Mahali pa kuzifundishia? Le Barcarès. Mhispania aliyezungukwa na seng'enge Februari alirudi ufukwe uleule majira ya kupukutika majani akiwa amevaa koti la jeshi la nchi iliyomfungia.

Zana zao zilikuwa chakavu. Bunduki nyingi zilikuwa za aina ya Lebel, muundo wa karne ya 19, na mikanda ya kubebea vifaa haikutosha, hivyo wakafunga mizigo na bunduki kwa kamba. Ndiyo asili ya jina la utani walilobaki nalo, rejimenti za kamba. Nataja jambo hili kwa sababu linaonyesha mapema jinsi dola ilivyowahesabu: walihitajika, ila si kiasi cha kupewa mikanda.

Rejimenti ya 22 ndiyo nitakayoifuata. Mei 1940 ilitolewa Alsace ikapelekwa haraka mto Somme, chini ya divisheni ya 19, ambako Wajerumani walikuwa wameshika eneo la kuvukia karibu na Péronne. Kuanzia tarehe 22 Mei ilishambulia na kushambuliwa katika vijiji vya Villers-Carbonnel, Fresnes-Mazancourt, Misery na Marchélepot. Tarehe 5 Juni Wajerumani walianza shambulio kubwa la kusini. Amri ilikuwa kushikilia vijiji hata vikizingirwa, na rejimenti ya 22 ikashikilia. Vifaru vilipita pembeni, vikawaacha nyuma ya mstari, na kesho yake, 6 Juni, risasi zilipokwisha na msaada haukuja, waliobaki Marchélepot walitekwa. Baadaye rejimenti hiyo ilitajwa kwa heshima katika amri ya jeshi zima. Washona nguo wa Paris na wanamgambo wa Barcelona walikuwa wamepigana kwa namna ambayo baadhi ya vikosi vya wenyeji, siku zilezile, havikupigana.

Wiki mbili baadaye Ufaransa ilitia saini mkataba wa kusitisha mapigano. "Muda wa vita" ukawa umekwisha, na pamoja nao mkataba wa askari.

Sheria ya 27 Septemba 1940, chini ya serikali ya Vichy iliyotawala Ufaransa baada ya kushindwa na kushirikiana na Wajerumani, iliruhusu wanaume wageni wa miaka 18 hadi 55 walioonekana kuwa wa ziada katika uchumi wa taifa kukusanywa katika vikundi vya kazi. Haikupita hata miezi minne tangu Marchélepot. Wiki iliyofuata, tarehe 3 na 4 Oktoba, zikaja sheria dhidi ya Wayahudi, ya pili ikiwapa wakuu wa mikoa mamlaka ya kuwafungia kambini Wayahudi wa kigeni bila kuwafikisha mahakamani. Hakuna hata moja kati ya sheria hizo iliyowaweka salama kabisa watu waliotoka kuivalia sare Ufaransa. Wajitoleaji waliokuwa Afrika Kaskazini chini ya Lejioni walivuliwa sare na wengi wakapelekwa kusini mwa Algeria na mpaka wa Morocco, Colomb-Béchar na Bou Arfa, kujenga reli ya kuvuka Sahara chini ya walinzi na adhabu za kikatili. Reli yenyewe haikufika kokote. Majeshi ya Marekani na Uingereza yalipotua Afrika Kaskazini Novemba 1942, watu hao hawakuachiwa siku hiyo. Wengine walisubiri miezi.

Jambo linaloumiza kichwa zaidi, na ambalo sijaliona likipewa uzito wake, ni yaliyowapata mateka. Myahudi wa rejimenti ya 22 aliyetekwa na Wajerumani aliingizwa katika kambi ya mateka wa vita, na kwa sababu alikuwa na sare ya Ufaransa na namba ya mateka chini ya Mkataba wa Geneva wa 1929, kwa kawaida alibaki hai hadi 1945. Alitengwa na kunyanyaswa, lakini hakupelekwa Auschwitz, kambi ya Wanazi ya kuangamiza watu. Mwenzake aliyefanikiwa kuwatoroka Wajerumani, akarudi nyumbani Paris kwa mkewe, ndiye aliyekuwa hatarini. Tarehe 14 Mei 1941 polisi wa Ufaransa waliwaita wanaume Wayahudi wa kigeni kwa karatasi ya kijani, wakidai ni kukagua hali zao. Kiasi cha 3,700 waliitikia wakakamatwa, wakapelekwa kambi za Pithiviers na Beaune-la-Rolande, na mwaka uliofuata wengi wakasafirishwa Auschwitz. Miongoni mwao walikuwemo waliopigana 1940, waliokwenda kituoni kwa kuamini kwamba nchi waliyoitumikia haiwezi kuwatendea ubaya. Julai 1942, katika msako wa siku mbili, polisi haohao waliwakamata watu karibu 13,000 jijini Paris na vitongoji vyake, watoto wakiwa zaidi ya 4,000. Wapo mateka waliorudi 1945 kutoka Ujerumani wakiwa salama na kukuta mke na watoto wamemalizwa.

Wahispania walikutwa na kinyume chake. Wale waliotekwa 1940, wengi kutoka kombania za wafanyakazi na wengine kutoka rejimenti zenyewe, Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, iliwachambua kambini na kuwavua hadhi ya mateka wa vita. Madrid ya Franco haikuwataka, Vichy nayo haikuwadai kama askari wake. Kundi la kwanza liliingia Mauthausen, Austria, tarehe 6 Agosti 1940. Zaidi ya 7,000 walipelekwa huko na karibu thuluthi mbili walikufa, wengi katika machimbo ya mawe ya Mauthausen na ya tawi lake la Gusen. Kifuani walibandikwa pembetatu ya bluu, alama ya wasio na utaifa, yenye herufi S. Linganisha sasa. Myahudi na Mhispania wanaweza kuwa walilala handaki moja Somme, wakaishiwa risasi saa moja, wakainua mikono pamoja. Nia zao zilifanana, ushujaa wao ulifanana, na kama kuna aliyeahidiwa kifo na Wanazi kwa asili yake, ni yule wa kwanza. Lakini karatasi moja, hadhi ya mateka iliyotambuliwa na pande zote mbili, ilimwokoa yeye, na kukosekana kwa anayemdai kukamuua mwenzake.

Najua atakayenijibu kwamba Vichy haikuwa Ufaransa, kwamba ulikuwa utawala wa kushindwa chini ya buti la Mjerumani, na Jamhuri isingefanya hivyo. Hoja hii ina uzito kiasi. Uvuaji wa haki wa 1940 haukupitishwa na bunge la kidemokrasia, na baada ya vita wengi wa waliosalia walipewa uraia. Lakini seng'enge ya Le Barcarès ni ya Jamhuri. Amri ya Aprili 1939 ni ya Jamhuri, sawa na ile ya Novemba 1938 iliyofungua njia ya kuwafungia "wageni wasiotakiwa". Mshairi Mwarmenia Missak Manouchian aliomba uraia wa tajinisi mara mbili, 1933 na 1940, bila kuupata, ingawa mara ya pili alikuwa ameshavaa sare. Alipigwa risasi na Wajerumani tarehe 21 Februari 1944 kama kiongozi wa kundi la wageni wa upinzani, akapelekwa Panthéon, jengo la Paris wanamozikwa mashujaa wa taifa, pamoja na mkewe Mélinée miaka 80 baadaye, siku hiyohiyo. Ni Juni 2023 tu Emmanuel Macron alipotangaza kwamba wapiganaji wageni 92 waliouawa katika ngome ya Mont-Valérien watatambuliwa kuwa wamekufa kwa ajili ya Ufaransa. Kwa hiyo Vichy iliipata milango ikiwa tayari imeachwa wazi: kundi la askari ambao, kisheria, hawakuwa wa mtu.

Hapo ndipo hoja ya kijana wa mtaani kwetu inapovunjika. Lejioni anayoifikiria haikuzaliwa ikiwa na pensheni. Ilianzishwa 1831, na miaka minne tu baadaye Mfalme Louis-Philippe aliikabidhi yote, mabendera na watu, kwa kiti cha enzi cha Uhispania kilichokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Walikwenda wapatao 4,000, wakarudi wapatao 500. Haki anazozijua leo zilikuja kidogokidogo kwa zaidi ya karne moja na nusu: nyumba ya wazee na majeruhi pale Puyloubier yenye mashamba ya mizabibu, haki ya kuomba uraia baada ya miaka mitatu ya utumishi, na sheria ya Desemba 1999 inayompa uraia, akiuomba, mgeni aliyejeruhiwa vitani. Zilikuja kwa sababu Lejioni ilibaki. Nusu-brigedi yake ya 13 ilipigana Narvik, Norwei, 1940, sehemu yake ikamfuata Jenerali de Gaulle aliyekataa kusalimu amri, ikapita Keren na Massawa nchini Eritrea 1941, ikashikilia Bir Hakeim, Libya, 1942, na kutoka 1962 hadi 2011 kambi yake ilikuwa Djibouti, jirani zetu kabisa. Kikosi kinachodumu kina bendera, kumbukumbu, majenerali waliostaafu wanaopiga simu wizarani. Rejimenti ya 22 ilivunjika Juni 1940 na haikufufuliwa. Askari wake walilazimika kujitetea wenyewe. Maveterani wao Wayahudi walianzisha umoja, wakajenga mnara makaburini Bagneux, kusini mwa Paris, wakahifadhi majina. Na jambo moja dogo ambalo kijana hakulijua: Lejioni haina dalali Nairobi wala Kampala. Hairuhusu mtu kujiandikisha popote ila ndani ya Ufaransa, na nauli ya kufika huko ni juu yako mwenyewe. Ukikutana na anayekulipia tiketi ili ukawe askari, huyo hafanani na Lejioni hata kidogo.

Urusi inachotoa kinafanana na Le Barcarès. Amri aliyoitia saini Vladimir Putin tarehe 21 Septemba 2022 inasema mikataba ya askari itaendelea kuwa na nguvu mpaka mwisho wa kipindi cha uhamasishaji wa kijeshi, na mwisho huo unatamkwa na rais mwenyewe. Mgeni anaweza kusaini karatasi inayosema mwaka mmoja. Muda halisi ni muda wa vita. Uraia nao umeahidiwa, na Januari 2024 taratibu zake zilirahisishwa zaidi kwa mgeni mwenye mkataba na kwa familia yake. Sidai kwamba ahadi hiyo ni uongo. Ninachosema ni kwamba imewekwa na amri ya mtu mmoja wakati anahitaji watu, na historia ya 1940 inaonyesha kilichotokea pale mhitaji alipobadilika.

Pingamizi kubwa kuliko zote ni la kimaadili, na sitalikwepa. Rejimenti ya 22 ilipigana na Wanazi. Anayepigana leo upande wa Urusi anashiriki kuivamia nchi jirani, na kuwaweka katika sentensi moja kunaweza kuonekana kama kuwapaka matope wafu wa Marchélepot. Nakubali kabisa kwamba vita hivi viwili havilingani. Ninacholinganisha ni mkataba. Ikiwa waliopigana upande wa haki, wakiwa na sare ya jeshi halali na wakasifiwa kwa ushujaa, waliuzwa na dola yao ndani ya miezi minne, basi aliye upande usio wa haki ana sababu chache zaidi za kutarajia mema.

Na lile neno mamluki, linalotumika kwa wepesi sana, halitusaidii. Itifaki ya kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, ibara ya 47, inamtoa katika tafsiri ya mamluki mtu ambaye ni sehemu ya jeshi rasmi la upande unaopigana. Mkenya aliyesaini na wizara ya ulinzi ya Urusi akitekwa na Ukraine ni mateka wa vita, mwenye haki ya kuandika barua, kutembelewa na Msalaba Mwekundu na kurudishwa. Tukiendelea kumwita mamluki tunamvua wenyewe, kwa hiari yetu, karatasi ileile iliyomwokoa Myahudi wa rejimenti ya 22. Aliyepitia kampuni binafsi hana hata hiyo: Mtanzania aliyetolewa gerezani nchini Urusi na Wagner, kundi binafsi la wapiganaji, alikufa vitani Oktoba 2022, na familia ilipokea mwili Januari 2023 kutoka kwa nchi ambayo haikuwa imemhesabu kuwa askari wake.

Kwa hiyo kazi ya serikali zetu inaanzia kwenye orodha: majina, namba za vikosi, tarehe za mikataba, nani yuko hai, nani ametekwa na na nani. Bila orodha, balozi hawezi kudai mwili, mjane hawezi kudai fidia iliyoandikwa kwenye mkataba asiousoma, na mateka hawezi kuingizwa katika mabadilishano. Tatizo ni kwamba Kanuni ya Adhabu ya Kenya inahesabu kujiunga na jeshi la nchi nyingine bila kibali kuwa kosa, na mama anayejua mwanawe yuko wapi ana sababu nzuri ya kunyamaza akihofia kumfunga kwa kinywa chake. Wanaotaka kesi zianze na wapiganaji wanafunga mlango pekee wa kupatia majina hayo. Madalali washtakiwe, tena upesi, kwani wao wako hapa. Anayerudi ahojiwe kama shahidi kwanza, aeleze alisaini nini, wapi, mbele ya nani, na ni akina nani alioacha nyuma.